Ukurasa wa Saba

Mteja wa kwanza wa Chiriku alikuwa mama yake mzazi, na wala hakukusudia kumuuzia kitu. Alikuwa anafanya mazoezi tu, kama mtu anayerusha ngumi hewani chumbani mwake, kumbe nyuma yake kuna mtu amesimama.

Jina hilo la Chiriku alilipata shule ya msingi na halikumbanduka tena, maana mdomo wake ulikuwa haujui likizo. Alimaliza kidato cha nne kwa alama za wastani, akakaa nyumbani miaka miwili akiwachekesha wateja wa mama. Mama alikuwa fundi cherehani, na sebule ndiyo ilikuwa karakana yake: cherehani dirishani, vitambaa juu ya kochi, pini kila mahali. Mgeni akikaa bila kuangalia alisimama upesi kuliko alivyokaa. Siku gazeti lilipotoa tangazo kwamba kampuni moja ya dawa na virutubisho inatafuta vijana wa kufundishwa kazi ya mauzo, mama alilikata kwa mkasi wa kitambaa, akambandika nalo Chiriku kwa pini begani.

"Hatimaye," akasema, "kuna watu wanatafuta domo. Nenda, baba, nami masikio yangu yapoe."

Akaenda. Kwenye usaili aliulizwa anajua nini kuhusu dawa. Akajibu kwamba mama yake ana presha mwaka wa tisa sasa, na yeye ndiye humchukulia vidonge kila mwezi, kwa hiyo foleni za dirisha la dawa anazijua kuliko wanaozipanga. Wakacheka. Wakamchukua.

Mafunzo yalikuwa ya wiki sita, ghorofa ya tatu, katika chumba chenye meza ishirini, ubao mweupe, na feni moja iliyogeuza shingo kushoto na kulia mchana kutwa kana kwamba inakataa kila kinachosemwa. Mkufunzi alikuwa mama mmoja mrefu, mkavu wa maneno, aliyewahi kuwa mfamasia. Shingoni alivaa saa ya kubonyeza kama ya refa. Wanafunzi walimpa jina siku ya kwanza kabla ya chai: Bi Dakika. Mbele yake walimwita madam.

"Daktari ana wagonjwa arobaini nje ya mlango," aliwaambia. "Kila mmoja wao anakuona wewe uliyevaa tai ukipita mbele ya foleni, na anakuombea mabaya. Una dakika mbili. Ukizidisha, daktari hatakufukuza. Atatabasamu, na hatakupokea tena maisha yako yote."

Kila mwanafunzi alipewa jalada kubwa la kusimamisha mezani, lenye kurasa saba za kufunua. Bidhaa ya kufanyia mazoezi iliitwa Rahamoyo: vidonge vya mafuta ya samaki na kitunguu saumu, vya kuusaidia moyo na mishipa. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na moyo mwekundu unaotabasamu, sijui nani aliwahi kuuona moyo ukifanya hivyo. Wa pili ulikuwa na mshipa wa damu uliokatwa katikati, msafi kama bomba jipya. Samaki walikuwa wa tatu, kitunguu cha nne, mchoro wa takwimu wa tano. Kwenye wa sita alikuwepo mzee anapanda ngazi huku anacheka, jambo ambalo mzee mwenye akili halifanyi. Wa saba haukuwa na picha. Ulikuwa na maandishi madogo tu, meusi, kuanzia juu mpaka chini.

Darasani kulikuwa na mtu mzima mmoja, aliyefundisha kemia sekondari kabla ya kubadilisha kazi, nao wakamwita hivyohivyo, Mwalimu. Siku ya pili akanyoosha kidole.

"Madam, huu wa saba tunausoma lini?"

"Ukiulizwa."

"Na nisipoulizwa?"

Bi Dakika akaitazama saa yake, ingawa haikuwa inatembea. "Dakika mbili zinatosha kurasa sita. Wa saba upo. Haufichwi. Daktari ni msomi, akiutaka atauliza. Akiuliza, mfungulie hapohapo, msomee neno kwa neno, usikate hata nukta. Asipouliza, funga jalada, mshukuru, ondoka."

"Kwa hiyo wa saba ni kama ndugu wa ukoo mwenye madeni," Chiriku akadakia. "Yupo, lakini hatajwi mpaka aulizwe."

Darasa zima likaanguka kicheko. Hata Mwalimu alicheka. Bi Dakika hakucheka. Alimwangalia Chiriku kwa muda, kisha akageukia ubao na kuandika maneno matatu ya kujibu mashaka ya daktari: KUBALI. SHUKURU. GEUZA.

"Daktari akikwambia bidhaa yako haifai, usibishane naye. Kubali: nakuelewa, daktari. Shukuru: ahsante kwa kuligusa hilo. Kisha geuza: na hapo hasa ndipo Rahamoyo inapoingia. Nataka haya yawatoke mkiwa usingizini."

Chiriku alitaka yamtoke hivyo. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amekutana na watu waliouchukulia mdomo wake kama kipaji na si kama kero. Lakini darasani zamu ya kujaribu ilimfikia mara moja kwa siku, na mdomo ni kama kisu, unataka kunolewa. Basi kila jioni, kabla ya chakula, alimwomba mama awe daktari.

Mama alikuwa daktari hatari. Miaka tisa ya kukaa mbele ya madaktari haikwenda bure. Alijitupia kitambaa cheupe cha mteja mabegani, akainamia daftari la vipimo vya nguo, akaandika bila kuinua macho.

"Daktari, habari za leo?"

"Nina dakika mbili, na moja umeshaila kwa kunisalimia."

"Mama, sijaanza."

"Mama yako yuko wapi hapa? Mimi ni daktari. Na tai umeifunga kama kamba ya mbuzi."

Wiki ya kwanza alimfukuza kila siku. Wiki ya pili Chiriku akaanza kupata sauti. Aligundua kwamba ukishusha sauti kwenye ukurasa wa pili, palepale kwenye mshipa, mtu husogea karibu bila kujijua. Akaeleza jinsi damu inavyotoka kwenye moyo, inavyosukuma kuta za mshipa usiku na mchana, jinsi mshipa unavyochoka kama bomba la mpira lililoachwa juani. Aliueleza kwa mikono yote miwili. Na mama, kalamu ikiwa hewani, akainua kichwa.

"Hebu rudia hapo kwenye mshipa."

Akarudia. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Umefaulu leo." Chiriku karibu apae. Bi Dakika alikuwa amewaambia kwamba siku daktari atakapoinua kichwa, hiyo ndiyo siku umeuza. Akaandika kwenye daftari lake: *Leo daktari ameinua kichwa.*

Aliandika kwa furaha kabisa. Chini ya kitanda chake kulikuwa na kasha la sampuli, chupa kumi na mbili za Rahamoyo walizopewa kila mmoja ili wazoee kuzishika. Hakuwa na sababu ya kuzihesabu.

Wiki hizo hizo mama alikuwa anamshonea suti ya mtihani. Kitambaa cha bluu nzito, alichokiweka kabatini tangu enzi za marehemu baba. Wiki ya nne ukosi wa koti upande wa kushoto ukatoka na mshono uliopinda.

"Sindano imezeeka," mama akasema, akiutazama kwa mbali.

"Mama, huu mshono umepita kwa shangazi kwanza ukasalimia, ndipo ukaja kumalizia safari."

"Mshenzi wewe. Utauvaa hivyohivyo."

Aliufumua akaurudia. Ukapinda tena palepale. Mama akakunja na kukunjua vidole vya mkono wa kushoto, akavipulizia kana kwamba ni vya baridi, wakacheka wote wawili, koti likatundikwa.

Wiki ya tano Bi Dakika aliwafundisha kupima presha. Alisema mwakilishi anayeweza kumpima hata mlinzi wa getini hupata mlango wazi popote. Ijumaa kila mmoja akapewa kipimo cha kwenda nacho nyumbani, kile cha kufunga mkononi kwa kitambaa kinachovimba na kusoma namba kwenye kioo. Mtihani ulikuwa Jumatatu.

Jumapili mchana, baada ya kula, Chiriku akamfunga mama kitambaa.

Kikavimba. Kikapiga kelele. Kikasoma mia na tisini na mbili, kwa mia na kumi na nne.

"Nimekifunga vibaya," akasema. Akakifungua, akajifunga mwenyewe. Mia na kumi na nane kwa sabini na sita. Akamrudishia mama, safari hii kwa utaratibu wote wa darasani: mgongo kwenye kiti, miguu sakafuni, hakuna kuongea, subiri dakika tano. Dakika tano za Chiriku kunyamaza, hilo peke yake mama alilicheka. Kipimo hakikucheka. Mia na tisini na sita.

"Mama, leo umekunywa dawa?"

"Nimekunywa."

"Zote mbili? Ile ya asubuhi na ile ya kukojoa?"

"Nimekunywa ile yako."

"Yangu ipi?"

Mama akainuka, akaenda kwenye kopo la vifungo, akalimimina juu ya meza ya kukatia. Vifungo vikatoka, na katikati yake pakiti za vidonge ambavyo Chiriku alimchukulia mwezi huu na mwezi uliopita, bado vimo kwenye karatasi zake za fedha, vimejaa, havijatobolewa hata kimoja.

"Zile zinanivimbisha miguu," mama akasema kwa utulivu. "Na hiyo nyingine kila saa choo, mteja namwacha na pini mgongoni. Hii yako mwezi wa kwanza huu, miguu imepungua, tazama. Nimechukua chupa tatu tu. Nilitaka nikwambie siku ya kufaulu."

Chiriku akazitazama zile pakiti. Alikaa, akasimama, akakaa. Kisha akafanya alichojua kufanya: akafungua mdomo.

"Mama, ile si dawa. Ni mafuta ya samaki. Lazima urudie vidonge vyako leo hii."

"Nakuelewa, mwanangu," mama akasema.

"Presha yako imepanda mno, mama. Hiyo namba ni ya hatari."

"Ahsante kwa kuligusa hilo. Wengi wanaoanza huwa na wasiwasi huohuo." Wala hakuwa anamtania. Maneno yalimtoka tu, laini, kwa sauti ileile ya kushuka, maana kwa wiki tano alikuwa ameyasikia kila jioni. "Lakini wewe mwenyewe umenieleza. Mshipa umechoka. Vile vidonge vinasukuma maji tu, havigusi mshipa. Na hapo hasa ndipo hii inapoingia."

"Mimi sikusema vidonge havigusi mshipa!"

"Hukusema. Lakini ulieleza vizuri, nami nikaelewa."

Kila alichokirusha kilirudi kimepakwa mafuta. Akasema daktari wa kliniki atakasirika. Mama akakubali, akashukuru, akageuza. Akasema mtu anaweza kuanguka ghafla. Mama akakubali, akashukuru. Chiriku alipandisha sauti, na mama ndipo akaacha mchezo, akamshika mkono.

"Sikiliza, baba. Miaka tisa naenda kliniki. Yule daktari mimi hajui hata nina macho ya rangi gani. Anaandika. Ananiambia, mama, hizi ni za maisha, usiache, mwingine aingie. Hakuna mtu aliyewahi kunionyesha damu yangu inapita wapi. Wewe ulikaa hapo jioni baada ya jioni ukanionyesha. Kwa mikono. Sasa nimwamini nani, yeye au wewe?"

Chiriku akautoa mkono wake taratibu.

Alitazama koti la bluu ukutani. Alitazama jalada lililosimama kwenye meza ya kukatia, moyo mwekundu ukimtabasamia. Akavuta kiti cha mama, akakaa mahali pa daktari, akajitupia kitambaa cheupe mabegani.

"Tucheze mara ya mwisho," akasema. "Kesho mtihani. Leo mimi ni daktari, wewe unauza."

Mama akafurahi. Alidhani mabishano yamekwisha na yeye ndiye mshindi. Akajifuta mikono, akakaa upande wa pili, akageuza jalada. "Daktari, nina dakika mbili zako tu, na hata kukusalimia sikusalimii." Akaenda ukurasa kwa ukurasa bila kusoma, kwa kichwa, moyo, mshipa, samaki, kitunguu, takwimu, mzee wa ngazi. Alikuwa mzuri. Kwa kweli alikuwa mzuri kuliko nusu ya darasa. Chiriku aliinamisha kichwa juu ya daftari la vipimo, kiuno cha fulani, bega la fulani, na maandishi yalikuwa yanamchezacheza.

Mama alipotaka kufunga jalada, akamuuliza:

"Nani asiitumie?"

"Eeh?"

"Daktari ameuliza. Hii bidhaa yako, nani hatakiwi kuitumia?"

"Hilo swali halimo."

"Limo. Ukiulizwa, unafungua ukurasa wa saba. Neno kwa neno, bila kukata nukta."

Mama akafunua. Wa sita na wa saba zilikuwa bado zimegandana tangu zitoke kiwandani. Ilibidi aingize ukucha. Akavaa miwani ya kutungia uzi. Alisoma kama anavyosoma mtu aliyeachia shule darasa la saba, kwa kidole, kila neno likisimama peke yake.

"Rahamoyo ni kirutubisho. Si dawa. Haitibu presha. Usiache wala usipunguze dawa uliyoandikiwa na daktari kwa sababu ya Rahamoyo. Mtu anayetumia dawa za presha, za sukari, au za kufanya damu iwe nyepesi, asianze kabla ya kuzungumza na daktari wake."

Kulikuwa na mistari mingine. Hakuisoma. Alirudi juu akaisoma ileile tena, midomo ikicheza bila sauti.

"Huu ulikuwepo siku zote?"

"Ulikuwepo."

"Wiki tano."

"Wiki tano, mama."

"Mbona hukunisomea?"

Jibu lilimtoka kabla hajalikamata. Wiki tano zilikuwa zimelikalisha palepale mlangoni mwa mdomo, likisubiri.

"Hukuuliza."

Mama akavua miwani. Akanyoosha mkono wa kushoto kulifunga jalada, na mkono ukafika, ukalishika, ukaliachia. Jalada likaanguka kwenye vifungo. Wote wawili wakautazama ule mkono, ambao mama alikuwa hajaamua uachie.

*

Hospitali, daktari wa zamu aliyekuwepo alikuwa kijana, hakumzidi Chiriku kwa miaka mingi. Alimwambia mama afumbe macho na anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja juu. Wa kulia ukabaki. Wa kushoto ukashuka taratibu, kama mtu anayesinzia kanisani. Wakampiga picha ya kichwa. Kiharusi kidogo, daktari akasema, na si cha leo. Huenda kimeshafika wiki mbili. Aliuliza kama kuna dalili walizoziona.

"Mshono ulipinda," Chiriku akasema.

"Mshono upi?"

Chiriku akaonyesha kifuani, mahali pa ukosi wa koti.

Mama alilazwa kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Mkono ungeweza kurudi, daktari alisema, ungeweza kurudi nusu. Ilitegemea presha ishuke na ikae chini, na hilo lilitegemea vidonge, kila siku, bila kuruka. Alilisema hilo akitazama karatasi. Mama alimwangalia Chiriku. Usiku huo muuguzi alimpa vidonge, akavipokea kwa adabu, na asubuhi aliyesafisha akavikuta chini ya mto.

"Vinanivimbisha miguu," akamwambia Chiriku alipokuja saa kumi na mbili asubuhi na uji. "Na ile yako inanidanganya. Na wewe unanidanganya. Basi nisinywe chochote, nipumzike." Kisha, kabla hajajibiwa: "Mtihani saa ngapi?"

"Siendi."

"Utakwenda. Ile suti sikuishonea hanga. Nenda."

Akaenda. Alitaka kufaulu, lisije likatokea hapa neno la kumfanya malaika. Alikaa kwenye benchi nje ya chumba akiwaza kwamba akipata kazi, mengine yote atayapanga baadaye. Mwalimu alikuwa kakaa pembeni yake, anatokwa jasho kwenye kola.

"Wewe Chiriku una wasiwasi gani? Hata ukimuuzia Bi Dakika ile saa yake, atanunua."

Chiriku akaendelea kuutazama mlango, na Mwalimu akajua kuna jambo.

Ndani, Bi Dakika alikaa kwenye kiti cha daktari. Pembeni alikaa meneja wa mauzo, baba mmoja mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, aliyeambiwa kwamba huyu anayeingia ndiye wa kwanza darasani. Saa ikabonyezwa.

Ulimi ukaanza wenyewe. Salamu sekunde tatu. Moyo. Akashusha sauti. Akainama kufunua mshipa, na koti likafunguka mbele yake, na ukosi wa kushoto ukawa chini ya macho yake kabisa: mshono unakwenda vizuri, vizuri, kisha unatoka nje ya njia, unahangaika, unarudi. Alikuwa ameutania mbele ya aliyeushona.

Saa ilikuwa inatembea. Meneja akainua macho. Chiriku akashika kurasa zote zilizobaki kwa mara moja, akazipindua, ukabaki ule wa saba wenye maandishi madogo meusi.

"Daktari," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya nyumbani, ya mtu anayetafuta neno, "nianze na watu ambao hawatakiwi kutumia hii. Kwa sababu wapo wengi kwenye foleni yako. Na wakishaniamini mimi, hawataacha kuniamini kwa sababu wewe umewaambia."

Akasoma. Yote, mpaka mistari ambayo mama hakuifikia. Aliposema neno la mwisho saa ikalia. Hakuwa ameonyesha samaki hata mmoja.

Meneja akamgeukia Bi Dakika. "Huyu ndiye wa kwanza?"

Bi Dakika akaandika kitu kwenye karatasi ya alama. Akamwomba meneja dakika moja. Meneja akatoka akijipapasa kalamu zake.

"Ni nani?" Bi Dakika akauliza.

"Mama yangu."

"Yuko wapi?"

"Wodini. Mkono."

Aliivua ile saa shingoni, akaiweka juu ya meza, na bila saa alionekana mzee zaidi. "Nilikaa dirisha la dawa miaka kumi na moja," akasema. "Huo ukurasa niliuandika mimi, nilipokuja hapa. Ulikuwa wa pili. Kila wakichapa upya unasogezwa nyuma mmoja." Akaipapasa karatasi ya alama. "Siwezi kukupitisha. Muda umekwisha na hujauza kitu. Nikikupitisha, meneja huko nje ataniuliza kwa nini, na sitakuwa na jibu la kumpa."

"Ndiyo, madam."

"Jalada liache."

Akaliacha. Akafika mlangoni, akarudi. "Madam. Mama hataki kumeza. Ananiona mwongo. Nifanyeje?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki sita Bi Dakika kuulizwa swali asilokuwa na maneno matatu ya kulijibu. Alifikiri. Hakuangalia saa.

"Ndani ya boksi la kila dawa kuna karatasi," akasema hatimaye. "Imekunjwa mara nane. Watu huitupa."

*

Saa ya kuwaona wagonjwa ilikuta wodi imejaa. Muuguzi alikuwa kitandani kwa mama na kikombe kidogo cha vidonge, na mama amefunga mdomo kama mtoto.

"Mama, meza. Nina vitanda kumi na nane."

"Nani asiitumie?" mama akauliza.

"Nini?"

"Hivyo vidonge. Nani hatakiwi kuvitumia?"

Muuguzi akamtazama Chiriku kwa jicho la ni-wa-kwenu-huyu. Chiriku, na suti yake ya bluu, akaomba boksi. Muuguzi akamwachia boksi na kikombe, akaenda kitanda cha nne.

Karatasi ilikuwa ndefu kama shuka ya mwanasesere, maandishi ya siafu pande zote mbili. Aliikunjua juu ya miguu ya mama.

"Umefaulu?" mama akauliza.

"Nimeanguka."

"Umeanguka vipi, na domo hilo?"

"Muda ulikwisha."

Mama akautazama ukosi wa koti. Kisha akasema, "Soma."

Akasoma. Alianza na wasiotakiwa kuitumia. Akasoma miguu kuvimba: ipo, imeandikwa, huwapata wengi, mwambie daktari abadilishe kipimo au dawa, usiache. Akasoma kizunguzungu, akasoma kikohozi, akasoma jambo moja la aibu linalowapata wanaume na mama akacheka kidogo upande mmoja wa uso. Neno gumu likija alisema hili silijui, akalizungushia kalamu la kumuuliza daktari. Hakushusha sauti mahali popote. Hakutumia mikono. Kengele ya kuwatoa wageni ikagongwa akiwa upande wa pili wa karatasi, watu wakaanza kuaga, muuguzi akasimama mlangoni, na yeye akaendelea mpaka jina la kiwanda na tarehe.

"Imekwisha?"

"Imekwisha."

"Haina ukurasa mwingine?"

Akaigeuza huku na huku, akamwonyesha pande zote mbili.

Mama akanyoosha mkono wa kushoto. Vidole vilikwenda kwa kubahatisha, vikakipata kikombe kwa ukingo, kikayumba. Chiriku alitaka kumsaidia, akajizuia, akashika maji. Mama akameza kimoja, akasubiri, akameza cha pili. Kisha akamvuta kwa ukosi wa koti, akaushika ule mshono uliopinda kati ya vidole viwili, akaupima kwa kucha kama anavyopima nguo za watu.

"Ukilala livue," akasema. "Kesho uje nalo na mkasi. Tutaufumua."